Nyayo zinawaka moto usiku, magoti yanauma, na nina kisukari: dawa ipi ya maumivu inanifaa?

*Swali: Habari ya kazi daktari. Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Tanga. Nina kisukari mwaka wa kumi na moja sasa, na presha. Natumia metformini, glibenklamidi na losartani. Tangu mwaka juzi nyayo zinawaka moto, hasa usiku, mpaka shuka likinigusa naona kama nimepakwa pilipili. Mchana zinakufa ganzi, kama nakanyaga sponji. Juu ya hapo magoti yananiuma, hata kusali nasali kwenye kiti. Duka la dawa huwa wananichoma sindano ya diklofenaki na kunipa vidonge vya kuchanganya kwenye kipaketi. Magoti yanatulia siku mbili tatu, lakini nyayo hazisikii dawa. Sukari ya asubuhi inacheza 12 hadi 15 ingawa ugali nimepunguza. Majirani wanasema sukari imeshaingia kwenye mifupa na mwisho wake ni kukatwa miguu. Wengine wananiambia niloweke miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi. Kliniki walinipa amitriptilini, nikasoma karatasi yake nikaona ni dawa ya wagonjwa wa akili, nikaiacha. Je, nitaishi na maumivu haya mpaka lini, na dawa ipi ya maumivu haina madhara kwa mwenye sukari?*

Shikamoo mama, na pole sana. Kukosa usingizi miaka miwili si jambo dogo, na umeeleza vizuri kiasi kwamba nusu ya kazi yangu umeshaifanya. Nikiyasoma maelezo yako naona maumivu mawili tofauti yanayokaa kwa mtu mmoja. Ya nyayo yanatoka kwenye mishipa ya fahamu. Ya magoti, kwa umri wako, kuna uwezekano mkubwa yanatoka kwenye viungo vyenyewe, yaani gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, iliyolika. Dawa inayosaidia moja inaweza isiguse nyingine kabisa, na ndiyo maana sindano inatuliza magoti huku nyayo zikiendelea kuwaka. Tatizo si kwamba mwili wako umekuwa sugu. Nyayo zimekuwa zikipewa dawa isiyo yao.

Hilo la sukari kuingia kwenye mifupa tuliweke pembeni. Inachoharibu sukari ya juu hapa ni mishipa ya fahamu, zile nyuzi nyembamba zinazopeleka habari za joto, mguso na maumivu kutoka kwenye ngozi hadi kwenye ubongo. Seli za mishipa hii hazisubiri insulini ili kupokea sukari. Sukari ikipanda kwenye damu, inapanda na ndani yake pia, hugeuzwa kuwa kemikali nyingine, na seli inachakaa polepole. Wakati huohuo vile vishipa vidogo vya damu vinavyoulisha mshipa wa fahamu navyo vinabana, hivyo mshipa unaumia huku unanyimwa chakula. Mishipa mirefu kuliko yote mwilini ni ile inayofika kwenye vidole vya miguu, kwa hiyo ndiyo inayoanza kuharibika. Ndiyo maana tatizo huanza kwenye vidole na nyayo za miguu yote miwili kwa pamoja, likapanda taratibu kama mtu anayevaa soksi, na mara nyingi likikaribia magoti ndipo vidole vya mikono navyo huanza kufa ganzi. Takriban nusu ya watu wenye kisukari hupata uharibifu wa namna hii kwa kiwango fulani katika maisha yao, ingawa si wote wanaosikia maumivu.

Wengi huniuliza inawezekanaje mguu mmoja uwe na ganzi na moto kwa pamoja. Mshipa uliojeruhiwa hufanya mambo mawili: unaacha kupeleka habari za kweli, na unaanza kupeleka habari za uongo. Ni kama kengele ya mlango iliyoungua waya, mgeni akibonyeza hailii, halafu inalia yenyewe saa nane za usiku. Unakanyaga msumari husikii, lakini shuka la pamba linakuchoma. Usiku huwa mbaya zaidi kwa sababu kelele za mchana zimeisha na ubongo hauna kingine cha kusikiliza. Tena ubongo wenyewe na uti wa mgongo, baada ya kupokea ishara hizi miezi na miaka, huzizoea kwa njia mbaya: vinazikuza. Maumivu yaliyokaa muda mrefu yana maisha yake, na hayapimwi kwa ukubwa wa kidonda.

Hapo pana mtego unaowanasa hata watu waangalifu. Moto ukipungua wenyewe bila dawa na bila sukari kushuka, usishangilie haraka. Inawezekana mshipa umekufa zaidi, na kilichobaki ni ganzi tupu, na ganzi ndiyo inayopeleka watu kwenye kukatwa mguu kwa sababu haitoi taarifa. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika kwenye jarida la kitabibu juu ya wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya wakiwa usingizini. Huku kwetu husemwa panya anauma na kupuliza, ndiyo maana mtu haamki. Kwa mtu mwenye ganzi panya hana haja ya kupuliza. Maumivu yako, kwa kero yake yote, yanaonesha kwamba bado kuna mishipa inayofanya kazi. Na kukatwa mguu hakutokani na kuwaka moto. Kunatokana na kidonda ambacho hakikuonekana mapema, kikapata wadudu, mara nyingi kwenye mguu usiopata damu ya kutosha. Kidonda kinazuilika.

Sasa diklofenaki. Hii, pamoja na ibuprofeni, piroksikamu na ndugu zao, hufanya kazi kwa kuzuia kemikali za uvimbe. Kwenye mishipa ya fahamu iliyojeruhiwa na sukari hakuna uvimbe wa aina hiyo wa kuzuia, kwa hiyo nyayo hazitaisikia hata ukichomwa kila siku. Ila figo zinaisikia sana. Dawa hizi hubana damu inayoingia kwenye figo. Wewe una kisukari na presha, vitu viwili vinavyoongoza kwa kuharibu figo za watu wazima, na unatumia losartani ya presha, ambayo ni dawa nzuri ya kulinda figo lakini ikikutana na diklofenaki kila wiki zinavutana. Ukiongeza dawa ya kukojoza, au siku moja ya kuharisha na kupungukiwa maji, figo zinaweza kusimama ghafla. Dawa hizi pia hupandisha presha na kutoboa tumbo. Figo zikidhoofika, glibenklamidi, dawa yako ya kushusha sukari, inachelewa kutoka mwilini na sukari inaweza kushuka ghafla usiku, jambo ambalo ni hatari kwa siku moja kuliko sukari ya 15 kwa mwezi. Metformini nayo italazimika kupunguzwa au kusimamishwa. Kwa hiyo usichomwe tena diklofenaki mpaka figo zako zipimwe.

Vile vidonge vya kipaketi ndivyo vinavyonitia shaka zaidi. Kwenye vipaketi visivyo na jina mara nyingi kuna kidonge kidogo cha steroidi (dawa kali ya jamii ya homoni inayotuliza uvimbe), yaani deksamethasoni au prednisoloni, na hata baadhi ya dawa zinazouzwa kama za asili zimewahi kukutwa zimechanganywa nazo. Mtu anajisikia mwepesi kwa siku mbili, anasifia dawa. Lakini steroidi hupandisha sukari, na hupandisha sana. Umepunguza ugali na bado unasoma 12 hadi 15. Siwezi kusema kwa hakika bila kuviona, ila ningeanza kuutafuta mchawi kwenye kipaketi kabla ya kukulaumu kwenye sahani. Nenda navyo kliniki, pamoja na kipaketi chenyewe. Na hapa nakuomba usikie vizuri: kama umekuwa ukivimeza mara kwa mara kwa zaidi ya wiki tatu, usiviache kwa siku moja bila daktari kujua. Mwili uliozoeshwa steroidi huacha kutengeneza ya kwake, na ukikatishwa ghafla mtu anaweza kulegea, kutapika na presha kuanguka. Hupunguzwa kwa mpango. Wauzaji wengi wa dawa wana nia njema na wanamsaidia mtu aliye mbele yao anayelia, lakini hawana kipimo cha figo zako pale kaunta.

Amitriptilini. Mama, hukupewa kwa sababu mtu alidhani una matatizo ya akili. Ni kweli ilitengenezwa kwa ajili ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, na kwenye sonona hutumika kwa dozi kubwa, mara nyingi miligramu 75 hadi 150. Kwa mishipa ya fahamu tunaanza na 10 au 25, wakati mwingine nusu ya kidonge cha 25, kwa sababu dawa hii huongeza nguvu za njia zinazotoka kwenye ubongo kwenda kwenye uti wa mgongo kuzima ishara za maumivu. Inamezwa saa moja au mbili kabla ya kulala, si usiku wa manane, vinginevyo utaamka na kichwa kizito. Siku za kwanza mdomo unakauka, usingizi unakuja mwingi, choo kinaweza kuwa kigumu. Kazi yenyewe ya kupunguza moto huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na dozi hupandishwa taratibu. Walioiacha siku ya tatu wakisema haifanyi kazi ni wengi mno kliniki, na huwa nawaomba waanze upya. Mwambie daktari kama una tatizo la mapigo ya moyo, presha ya macho, mkojo unaokatika au kizunguzungu unaposimama, kwa sababu hapo huenda isikufae.

Isipokufaa, zipo nyingine. Gabapentini na pregabalini ni za jamii ya dawa za kifafa (usije ukasoma karatasi ukaziacha nazo!), hutuliza mshipa unaopiga kelele, ila zinatolewa na figo hivyo dozi hupangwa kwa kipimo cha figo, na zinaweza kuvimbisha miguu, kuongeza uzito na kuleta kizunguzungu. Duloksetini ni nzuri pia, tatizo ni bei na upatikanaji. Ipi bora? Utafiti mmoja wa Uingereza uliotoka mwaka 2022 kwenye jarida la Lancet ulizilinganisha amitriptilini, duloksetini na pregabalini kwa wagonjwa 130 wenye maumivu kama yako, ukakuta zinakaribiana kabisa, na kwamba mtu asiyepata nafuu ya kutosha kwa moja anaweza kufaidika akiongezewa ya pili. Kwangu mimi hilo linamaanisha kwamba ile ya bei nafuu uliyopewa kliniki haikuwa dawa ya kubahatisha. Tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, ningeiweka mwisho kabisa. Inazoesha, inaweza kushusha sukari kwa ghafla, na haifai kuchanganywa kiholela na amitriptilini au duloksetini.

Utaambiwa pia uchomwe sindano za vitamini B. Zina mahali pake. Metformini ikitumika miaka mingi hupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo wenyewe huleta ganzi na kuwaka moto miguuni, kwa hiyo inawezekana sehemu ya tatizo lako inatibika kwa urahisi kuliko unavyofikiri. Omba kipimo cha B12. Kama hakipatikani, daktari anaweza kuamua kukupa B12 kwa muda na kuangalia. Nisichokipenda ni vidonge vya mchanganyiko vyenye B6 nyingi vinavyomezwa mwaka hadi mwaka. B6 ikizidi kwa muda mrefu inaharibu mishipa ileile tunayotaka kuiponya.

Uliuliza utaishi na maumivu haya mpaka lini. Uharibifu ambao umeshafanyika hautarudi wote nyuma, na hakuna dawa kati ya hizi itakayoyafuta maumivu yote. Tukipata dawa inayoyapunguza kwa theluthi hadi nusu, sisi tunahesabu imefanikiwa. Ukiwa unateseka, nusu hiyo unaweza kuiona ndogo, lakini mara nyingi ndiyo tofauti ya kulala saa sita badala ya mbili. Ndiyo maana nakushauri usipime dawa kwa kujiuliza "nimepona?" Pima kwa mambo unayoweza kuyaona: nimelala saa ngapi, nimetembea mpaka wapi, nimepika mwenyewe mara ngapi wiki hii.

Magoti yana njia yake, na kwa bahati nzuri haihitaji sindano. Anza na msuli wa paja. Kaa kwenye kiti hichohicho unachosalia, nyoosha mguu mmoja mbele, uushikilie ukihesabu mpaka tano, shusha taratibu. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Goti lenye paja imara haliumi sana. Ukipunguza kilo moja ya mwili, goti linapunguziwa mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua, kwa hiyo hata kilo tatu si haba. Kwa maumivu, parasetamoli ni salama zaidi kwa figo zako: vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa saa 24, na pungufu ya hapo kama una tatizo la ini. Nguvu yake kwa magoti si kubwa, sikudanganyi. Jeli ya diklofenaki ya kupaka huingia kwenye damu kidogo sana ukilinganisha na sindano, na kwa goti inasaidia kweli; bado muulize daktari kwanza. Ukipewa sindano ya steroidi ndani ya goti ujue sukari itapanda kwa siku kadhaa, hivyo ipime mara nyingi zaidi.

Kuhusu sukari yenyewe, kuishusha hakutazima moto wiki hii, lakini ndiko kunakozuia uharibifu usiendelee kupanda. Nayo maumivu yanapandisha sukari: mwili unaoumwa na usiolala humwaga homoni za msongo, na insulini inapungua nguvu. Tukitibu usingizi wako tunatibu na sukari. Daktari akipendekeza insulini usiichukulie kama hukumu. Watu wanaishi nayo miaka thelathini. Ila mwombe ashushe taratibu. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c, chenye namba zake tofauti na zile za asubuhi) kikiporomoka kwa zaidi ya pointi mbili au tatu ndani ya miezi hiyo, kwa mfano kutoka asilimia 12 hadi 8, mishipa inaweza kuwaka zaidi kwa muda. Hali hiyo huwashtua watu wakaacha dawa.

Maji ya moto hapana. Ngozi yako haiwezi kukuambia maji yamefika nyuzi ngapi, na nimeona nyayo nyingi zaidi zilizoiva kwa beseni la chumvi kuliko kwa ajali za jikoni. Kuloweka kwenyewe kunalainisha ngozi na kufungua njia kwa fangasi. Usipake pilipili ya jikoni pia. Ipo krimu maalumu iliyotengenezwa kwa kiini cha pilipili na inasaidia baadhi ya watu, lakini ina dozi yake. Wewe una nafasi ambayo wengine hawana: unaosha miguu kila unapotawadha. Tumia udhu mmoja kwa siku kukagua, ule ambao mwanga ni mzuri. Tazama nyayo kwa kioo au mwombe mjukuu atazame, kausha katikati ya vidole kwa kitambaa, paka mafuta juu na chini lakini si katikati ya vidole. Kandambili ziache, zinakata katikati ya vidole na hazizuii msumari. Viatu kung'uta kabla ya kuvaa.

Kliniki ijayo omba wakuguse nyayo kwa ule uzi wa plastiki wa kupima hisia na wakupime kama unasikia mtetemo, washike mapigo ya damu juu ya mguu, na wapime kreatinini (kipimo cha damu cha figo), protini kwenye mkojo, na wastani wa sukari wa miezi mitatu. Si kila ganzi ya mwenye kisukari ni ya kisukari. Pombe, virusi vya UKIMWI, tezi ya shingo, dawa ya kifua kikuu ya isoniazidi na figo zenyewe huleta picha inayofanana. Kama unachosikia ni kubanwa kwenye msuli wa nyuma ya mguu ukitembea, kisha kuachia ukisimama, hilo ni la mzunguko wa damu na uchunguzi wake ni mwingine. Na kama miezi hii umekata tamaa, huli, hutaki watu, liseme pia. Sonona na maumivu hufuatana, na ukiyatibu pamoja yote mawili yanapungua.

Usisubiri kliniki ukiona kidonda au lengelenge hata lisilouma, kidole kilichobadilika kuwa cheusi au cha bluu, harufu, au homa yenye mguu mwekundu. Mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto kuliko mwenzake, hata bila jeraha, nenda siku hiyohiyo na usiukanyage zaidi ya lazima. Mifupa ya unyayo inaweza kuwa inavunjika kimyakimya. Ganzi iliyoanza ghafla upande mmoja wa mwili, udhaifu wa miguu unaopanda kwa siku chache, au kushindwa kuzuia mkojo ni dharura. Mkojo ukipungua sana au uso ukivimba asubuhi, wahi ukapimwe figo, na ukifika wataje diklofenaki na vile vidonge kabla hawajakuuliza.